Utepe wa Tangi la Kisogoni

Nchi ya Shwarini haipo. Nalisema hili mapema, asije mtu akanigongea mlango kuniuliza nilikuwa na maana gani. Haimo katika ramani yoyote, na kama wewe msomaji unahisi uliwahi kulipa kodi huko, basi hiyo ni ndoto, nenda kanawe uso.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo palikuwa na mji uitwao Kisogoni, na mjini humo aliishi mzee Shaweji Mlao, mstaafu wa forodha, mtu aliyejaliwa pua. Zamani zake alikuwa akipita kando ya gunia lililoshonwa, anasimama, anasema, "Karafuu, na chini yake tumbaku ya magendo," na gunia likipasuliwa tumbaku inatoka. Hata baada ya kustaafu watu walimwogopa sokoni. Akisimama mbele ya meza ya samaki na kukunja uso, mwenye meza hakubisha, alikusanya vitu vyake akaenda nyumbani. Shaweji aliishi na binti yake, Mwanakombo, ambaye mumewe alikuwa kazini ng'ambo, na mjukuu wake wa kike, Zamda, aliyekuwa ndio kwanza anaanza kula uji. Mtoto huyo alikuwa roho ya babu yake, na babu hakuona haya kulisema mbele ya watu.

Mwaka mmoja visima vya Kisogoni vikakauka. Likabaki lambo la nje ya mji, ambamo ng'ombe walikunywa, walioga, na wala hawakuona aibu kufanya na mengine. Watu wakaugua matumbo, wakalalamika. Serikali ya Shwarini ni sikivu, ila husikia polepole. Iliposikia, ikaleta tangi.

Lilikuwa tangi kweli! La buluu, refu kuliko msikiti wa pale, la plastiki ile maalumu ya kuwekea vyakula na vinywaji. Ubavuni lilikuwa na maandishi ya kigeni ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma, kwa hiyo wote waliyaamini. Bomba la kisima kirefu cha mlimani likaingizwa juu, chini ikafungwa koki. Na kwa kuwa Mtukufu Mtuliza, Baba wa Shwarini, aliahidi kuja mwenyewe kulifungua, likafungwa utepe wa rangi za bendera, na gari la kipaza sauti likapita mitaani kutangaza kwamba tangi lisifunguliwe mpaka Mtukufu aukate utepe. Kabla ya hapo wananchi waliruhusiwa kuchota kwenye koki kwa majaribio, lakini wasifurahi rasmi.

Wakachota. Asubuhi ya kwanza chai ya Kisogoni yote ilinuka ndala mpya. Mchana wali ukanuka beseni. Zamda alipopewa uji aliutema, akamtazama mama yake kama mtu aliyefanyiwa hiana na ndugu yake wa damu.

Sasa, nani asiyejua dawa ya chombo kipya? Unakiosha kwa maji ya moto na magadi, unakisugua kwa ndimu, unakiacha wazi juani upepo ukipite mpaka harufu ichoke yenyewe. Kisha, kwa wanawake wa Kisogoni, chombo cha maji ya kunywa hakijawa chombo mpaka kifukizwe ubani. Mama zao walifukiza mitungi, wao wanafukiza hata ndoo na madumu. Kazi hiyo haihitaji shahada. Inahitaji kufungua mfuniko tu, na mfuniko ulikuwa wa Mtukufu.

*

Wanawake wakaenda kwa Mkuu wa Mji, Mheshimiwa Pambalu, mtu mnene mwenye sauti ya kuhutubia.

"Mheshimiwa, tangi linanuka," akasema Mwanakombo kwa niaba ya wenzake.

"Linanuka nini?"

"Nusa mwenyewe, baba."

"Mimi nimeteuliwa kuongoza," akajibu Pambalu. "Sikuteuliwa kunusa. Kila jambo lina mamlaka yake."

Basi ikaundwa kamati. Kamati ikaitisha semina katika hoteli ya mji wa jirani, kwa mada "Harufu: Changamoto au Fursa?" Wajumbe walijadili kwa siku kadhaa huku wakinywa maji ya chupa, wakala kuku, wakapiga picha ya pamoja. Mwishowe wakaazimia kwa kauli moja kwamba suala la harufu ni suala la pua, na kwamba Shwarini haina pua rasmi. Hivyo ndivyo mzee Shaweji alivyoitwa ofisini.

Alikaribishwa kiti kinachozunguka. Akavishwa koti lenye vifungo vya shaba, akaambiwa kwamba kuanzia siku ile yeye ni Pua ya Taifa. Kisha wakaenda pamoja kwenye tangi, akafunguliwa koki, akanusa mara moja.

"Plastiki mpya, mheshimiwa," akasema. "Si sumu, lakini inakera, na watoto hawayanywi maji yake. Lifunguliwe, lioshwe, lianikwe. Basi."

Pambalu akamshika bega. "Mzee wangu, sikukuuliza linanuka nini. Nimekuuliza kama kazi umeipenda."

Shaweji akalitazama koti. Msomaji, usimhukumu haraka, wewe hujawahi kuwa mstaafu wa Shwarini. Kule mtu akistaafu huwa kama amefariki ila hajazikwa. Watu humsalimu kwa huruma, na hakuna anayemuuliza tena kitu chochote isipokuwa saa. Leo alikuwa ameulizwa na Mkuu wa Mji, mbele ya watu, naye amevaa vifungo vya shaba. Akainamisha kichwa, akanusa tena, safari hii bila kuvuta pumzi.

"Hali ni nzuri," akasema.

Kabla hajafika nyumbani gari la kipaza sauti lilikuwa limempita mara mbili. Pua ya Taifa imethibitisha! Tangi la Kisogoni halinuki! Anayesikia harufu akajichunguze mwenyewe!

Alipoketi kula mchana ule, Mwanakombo alimwekea kikombe cha maji ya koki mbele yake.

"Kunywa, baba."

Shaweji akabana pumzi, akanywa.

"Sasa nusa."

Hakunusa. Akajifanya anatafuta mwiba kwenye samaki.

"Haya," akasema binti yake. "Pua ya serikali tumeiona. Ile ya kwetu umeiacha wapi?" Akachukua ndoo, akajitwisha, akashika njia ya lambo. Nyuma yake wakafuata wanawake wengine, kwa maana mwenye pua haambiwi nusa, na uji wa mtoto haupikwi kwa tangazo.

*

Harufu ilipigwa marufuku lakini haikutii. Ilibidi Waziri wa Vyombo na Ustawi aje mwenyewe. Akasimama mbele ya tangi, akavuta pumzi kwa nguvu mpaka tai ikapanda.

"Ndugu wananchi!" akanguruma. "Kuna watu wanasema tangi hili linanuka. Nami nasema, ndiyo, linanuka! Lakini linanuka nini? Mtungi wa bibi yako unanuka udongo. Udongo ni nini? Ni zamani! Tangi linanuka upya. Hii, ndugu zangu, ndiyo harufu ya maendeleo! Mataifa makubwa yote yananuka hivi!"

Watu wakapiga makofi, maana ndilo zoezi walilolizoea. Shaweji akamsogelea Pambalu akamnong'oneza, "Mheshimiwa, juzi nilithibitisha kwamba halinuki. Basi nilikosea?"

"Hukukosea hata kidogo," akasema Pambalu. "Ukweli umepandishwa cheo tu. Kathibitishe upya."

Akathibitisha upya. Alipanda jukwaani na koti lake, akasema linanuka, na linanuka vizuri. Shule ya msingi ikatungiwa wimbo. Duka la Kisogoni likaanza kuuza pafyumu ya harufu ya tangi. Wenye uwezo, ambao nyumba zao zilikuwa mbali na koki, wakaona wamepitwa na wakati. Wakawa wananunua ndala mpya na kuzitumbukiza mtungini, mgeni akija asije akadhani ni watu wa zamani. Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni.

Na huku wote wakisifu kwenye mikutano, kila nyumba yenye mtoto ilikuwa inapikia na kunywa maji ya lambo.

Zamda akaanza kuhara siku ya Ijumaa. Jumapili alikuwa zahanati, ametundikiwa maji ya mshipa, macho yameingia ndani. Vitanda vyote vilikuwa vimejaa watoto, wawiliwawili. Muuguzi akawaambia akina mama wawanyweshe watoto maji safi mengi yaliyotiwa chumvi na sukari. Wakachota kwenye koki, watoto wakanusa, wakakaza midomo. Zamda alikaza mdomo wake mdogo mpaka kijiko kikagonga fizi.

Shaweji alisimama pembeni ya kitanda na koti lake. Mwanakombo hakumlaumu. Alikuwa akimpepea mtoto kwa upindo wa kanga, hakumtazama. Angemtukana ingekuwa nafuu. Mzee aliona aibu, aibu ile inayokaa tumboni na haitoki kwa kutema mate. Alijua amemuuza mjukuu wake kwa vifungo vya shaba. Akalivua koti, akalikunja, akamtilia mtoto chini ya kichwa, akatoka.

*

Mji ulikuwa kimya. Mtukufu alitarajiwa wiki ile, kama alivyotarajiwa wiki zote zilizotangulia, na viongozi wote pamoja na wafanyakazi wao walikuwa uwanjani wakifanya mazoezi ya kupiga makofi. Ziara iliahirishwa kila mara, na kila ikiahirishwa mazoezi yalianza upya. Pale kwenye tangi alikuwepo Koplo Ndimbo peke yake, aliyewekwa kulilinda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Unakwenda wapi na ngazi?"

"Kunusa. Ndiyo kazi niliyopewa."

"Nusa, mzee wangu. Ila utepe usiuguse."

Shaweji akaiegemeza ngazi, akapanda, magoti yakimlalamikia. Alidhamiria kuupenyeza uso wake kati ya utepe na mfuniko, angalau ajue kule ndani hali ikoje. Alipofika juu akatafuta utepe, asiuone. Akazunguka kwa macho. Hamna. Akainama kutazama chini, ndipo akauona: umezungushwa kiunoni mwa tangi, na fundo kubwa la maua kwa mbele, kama kibwebwe cha mwanamke anayekwenda ngomani. Mfuniko ulikuwa umekaa peke yake juu, haujafungwa na kitu. Akaushika, akauzungusha. Ukazunguka.

Waliofunga utepe ule walitoka wizarani, watu ambao maji huwafikia mezani yakiwa kwenye glasi, na hawajawahi katika maisha yao kujua tangi hufunguliwa wapi. Hilo tuseme ni haki yao. Lakini mji mzima ulikuwa umepita pale kila siku, umeuona utepe, umeuheshimu, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza umefunga nini. Na yeye Pua ya Taifa alikuwa mmojawapo, amesimama chini yake mara ngapi akihutubia! Shaweji akacheka mpaka ngazi ikatikisika. Kisha akamkumbuka Zamda.

"Koplo!" akaita. "Hebu nisomee amri yako."

Koplo Ndimbo akakaza mwili. "Utepe usikatwe, usiguswe, usivuliwe wala usitiwe uchafu, mpaka Mtukufu afike!"

"Na mfuniko?"

Koplo akafikiri. Akaitazama njia ya uwanjani, yakasikika makofi kwa mbali, yakiongozwa na filimbi.

"Mfuniko haumo, mzee."

"Haumo kabisa?"

"Mzee Shaweji, na mimi nina mtoto kule zahanati. Mfuniko haumo."

Basi kazi ikaanza mchana kweupe. Habari ilipita jikoni kwa jikoni, haikupita kwenye kipaza sauti. Wanawake wakaja na magadi, na vikapu vya ndimu, na masufuria ya maji ya moto. Maji ya zamani yakafunguliwa yakamwagilia migomba. Wasichana wembamba wakaingia ndani wakasugua wakiimba, sauti zikitoka juu kama za majini wenye furaha. Likasuuzwa, likaachwa wazi, jua na upepo vikafanya kazi ambayo kamati haikuiweza. Na Mtukufu, Mungu amlipe, akaahirisha tena, likapata siku za kuanikwa vizuri. Mwisho Mwanakombo akapanda ngazi na chetezo, akakishika juu ya mdomo wa tangi, makaa yasikaribie plastiki, akauelekeza moshi wa ubani ndani kwa upepeo. Likajazwa. Koplo Ndimbo muda wote alikuwa akiulinda utepe kwa uaminifu mkubwa, na kila tone la maji lililoudondokea alilifuta kwa leso yake.

Kikombe cha kwanza kilikwenda zahanati. Zamda akakinusa. Akakishika kwa mikono miwili, akanywa mpaka akapaliwa, akalilia kingine. Mwanakombo ndipo alipomtazama baba yake.

"Pua ya kwetu imerudi," akasema.

*

Mtukufu Mtuliza alifika siku ambayo hakuna aliyemtarajia, yaani siku aliyosema. Akahutubia jua likapanda, likatua kichwani, likaanza kushuka. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini la Shwarini lilikuwa na vipaza sauti. Kisha akaletewa glasi ya maji juu ya sinia. Akaipeleka puani. Akasita. Akanusa tena.

"Harufu iko wapi?" akauliza.

Bendi ikanyamaza.

"Jana nimesafiri kutwa nzima kuja kunusa maendeleo. Haya yananuka maji tu!"

Mheshimiwa Pambalu akatokwa na jasho mpaka kwenye viatu. "Wameiiba!" akafoka. "Wahujumu wameiba harufu ya taifa! Fungeni njia zote! Akamatwe mlinzi! Wakamatwe wote wenye ndoo!"

Uso wa Koplo Ndimbo ukawa rangi ya majivu. Wanawake wakatazama chini, baadhi yao vidole bado vimechubuka kwa ndimu. Zamda alikuwa mgongoni mwa mama yake, anachezea kanga.

"Aitwe Pua ya Taifa!" ikaamriwa.

Shaweji akaja na koti lake, lililokuwa na doa la mate ya mtoto begani. Akapewa glasi. Akanusa kwa pumzi yake yote, maana safari hii hakuwa na haja ya kubana. Akasikia ubani kwa mbali, na ndimu kidogo, na baridi ya mlimani. Kwa muda mrefu hakuwa amenusa kitu kizuri kiasi kile. Alijua akisema kweli, jela itajaa akina mama na watoto watarudi lamboni. Alikuwa amekwisha kusema uongo mara mbili kwa ajili ya koti. Akaona wa tatu autoe sadaka.

"Mtukufu," akasema, "linanuka. Linanuka plastiki kuliko siku zote, mpaka macho yananiwasha. Nahofu ni vumbi la safari, limeidhulumu pua yako tukufu."

Mtukufu akajishika pua. "Kweli barabara ilikuwa na vumbi."

Pambalu akashtuka, maana barabara ile ilikuwa imekwisha tiwa lami katika taarifa zake tatu. Akaona heri harufu kuliko lami. Akatoa leso, akajiziba. "Lo, linanuka! Linanuka, Mtukufu, kichwa kinaniuma!" Waziri akapiga chafya ya heshima. Jukwaa zima likaanza kukohoa kwa kufuata vyeo. Wanawake wa Kisogoni wakajifunika nyuso kwa kanga, mabega yakitikisika, na waandishi wa habari wakaandika kwamba walizidiwa na harufu.

Mtukufu akaukata utepe. Ukaanguka kutoka kiunoni mwa tangi, ikapigwa shangwe, ikatangazwa kuwa tangi limefunguliwa. Mfuniko haukuguswa na mtu. Shaweji akavishwa nishani.

*

Mambo yangeishia hapo, na mimi ningekuaga vizuri. Lakini baada ya majuma machache alibisha hodi Bi Arafa, mama wa mume wa Mwanakombo, ametoka mji wa Kiwikoni. Alikataa kiti. Alikuwa amekonda.

"Mkwe, umetuua," akasema.

"Nimewaua vipi, mkwe wangu?"

"Kwetu nasi tumeletewa tangi. Linanuka hatari. Tulipokwenda kulalamika tukaambiwa: Pua ya Taifa imenusa la Kisogoni mbele ya Mtukufu, linanuka kuliko lenu, na watoto wa huko ndio hao wananawiri. Nyinyi mna lipi? Tukarudi tumenyamaza. Sasa watu wako lamboni, na juzi tumezika mtoto wa jirani. Na kila mji uliopewa tangi wanasomewa maneno yako hayo hayo."

Shaweji akakiweka kikombe chini. Zamda alikuwa sakafuni, amenenepa, anaipigapiga nishani ya babu yake kwa kijiko. Mzee alimtazama kwa muda, akayatazama na maji ndani ya kikombe, masafi, matamu.

"Mkwe," akauliza mwishowe, "hilo la kwenu, utepe wake umefungwa wapi?"

Bi Arafa akamshangaa, akidhani uzee umemwingia.

"Kiunoni," akasema. "Kwani utepe hufungwa wapi?"

Mwanakombo alikuwa ameshasimama anakusanya ndimu kikapuni, na Shaweji akanyoosha mkono ukutani kuchukua koti.